Magari Adimu katika Mchezo wa Mbio: Tuyachague kwa Kipimo Gani?

Siku hizi si ajabu kumkuta mwanafunzi wa sekondari anayeweza kutaja bila kusita nguvu ya injini ya gari ambalo hajapata kuliona kwa macho yake. Elimu hiyo hakuipata darasani wala gereji, bali katika michezo ya mbio za magari inayoendeshwa na kompyuta na kuonekana katika kioo cha televisheni. Mitaani Buguruni, kama ilivyo Ilala na Kariakoo, yapo mabanda ya michezo hiyo, na jioni vijana hukaa mbele yake wakingoja zamu. Wazazi na walimu huyatazama mabanda hayo kwa jicho la wasiwasi, na sababu wanazo. Kijana aliyetumwa dukani saa kumi akarudi usiku hawezi kutegemea kusikilizwa anapoanza kueleza habari za giaboksi. Makala haya hayakusudii kuamua ugomvi huo. Nataka kuzungumzia jambo moja dogo lililomo ndani ya michezo hiyo, ambalo kwa maoni yangu lina sayansi nyingi kuliko inavyodhaniwa, nalo ni namna magari yanavyochaguliwa kuingia humo.

Suala hili lililetwa kwangu na vijana watano, wawili wao wakiwa wanafunzi wangu na watatu wakiwa wakazi wa Buguruni waliomaliza kidato cha sita. Walikuwa wameanza kutunga mchezo wao wenyewe wa mbio. Barabara zilikuwa za kwetu: mchezaji huanzia Buguruni, hushika Barabara ya Mandela, hutoka nje ya jiji, na hatimaye hupanda milima ya Usambara mpaka Lushoto. Wazo hilo lilinipendeza sana. Kisha wakanionyesha orodha ya magari kumi na mawili waliyoyaita adimu na ya ajabu, wakaniomba niwasaidie kuhakikisha hesabu zake. Humo mlikuwa na Ferrari 250 GTO, McLaren F1, Porsche 959, Lancia Stratos, na mengine ya ukoo huo huo. Halikuwamo hata moja lililowahi kushinda mashindano katika barabara za Afrika Mashariki.

Niliwauliza kipimo walichotumia. "Adimu, Mwalimu," alijibu mmoja wao, "ni gari ambalo yapo machache duniani."

Jibu hilo ni zuri kwa sababu linahesabika, na kitu kinachohesabika kinaweza kujaribiwa. Basi tulijaribu. Ferrari 250 GTO za miaka ya 1962 hadi 1964 zilikuwa 36. McLaren F1 za miaka ya 1990 zilikuwa 106, ukijumlisha na zile za mashindano. Lancia Stratos hazikufika 500. Wakati mwingine uchache wenyewe ulitokana na sheria: katika lile daraja la magari ya mbio lililoitwa Kundi B, lililodumu tangu 1982 hadi 1986, kiwanda kilitakiwa kiwe kimeunda magari 200 ili lile la mashindano likubaliwe. Kwa hiyo viwanda viliunda mia mbili, vikasimama hapo. Uadimu wa namna hiyo ni wa makaratasi zaidi kuliko wa kihandisi.

Lakini tukishika kipimo hicho cha idadi kwa uaminifu, lazima tukifuate mpaka kinakotupeleka. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 likaonyeshwa hadharani kwa jina la Nyayo Pioneer. Magari ya majaribio yaliyoundwa yalikuwa matano. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha hadharani Kiira EV, gari dogo la viti viwili linalotumia umeme wa betri, na hilo lilikuwa moja tu la aina yake. Kwetu Tanzania, wahandisi wa Nyumbu huko Kibaha waliunda katika miaka ya 1980 malori yao wenyewe, ambayo hayakupata kujaa barabarani. Kwa hesabu ya kichwa, Nyayo Pioneer ni adimu kuliko Ferrari mara saba, na Kiira EV ni adimu kuliko magari yote yaliyomo katika orodha ile. Nilipowaambia hivyo vijana walicheka. Walicheka, lakini walitambua kwamba kipimo walichonipa sicho walichokitumia.

Lipo na jambo la pili. Uadimu hubadilika kwa mahali. Mchezo wa Gran Turismo, uliotolewa Japani mwezi Desemba 1997 na kuendelea kutolewa kwa matoleo mengi baadaye, uliwafanya vijana wa Ulaya na Marekani wayatamani magari ambayo Wajapani waliyauza kwao wenyewe tu, yenye usukani wa kulia. Toyota Chaser ni mojawapo. Toyota Altezza nayo huko Ulaya iliuzwa kwa jina jingine, na mwenye kuitafuta kwa jina lake la asili huihesabu kuwa johari. Hapa Buguruni Altezza huoshwa kila asubuhi kwa ndoo ya maji na kitambaa, na Mark II iliyobeba magunia ya mahindi haimgeuzi mtu shingo. Kijana wa Buguruni anayeichagua Ferrari kwa sababu hajapata kuiona, na kijana wa Ulaya anayeichagua Chaser kwa sababu hiyo hiyo, wote wawili wanapima umbali wao kutoka kwa gari. Hawalipimi gari.

Sasa tuangalie gari linaingiaje katika mchezo, maana hapo ndipo penye kiini cha maoni yangu. Kompyuta haina chuma wala mpira ndani yake. Haijui Ferrari ni nini. Inachokijua ni jedwali la namba: tungamo la gari, yaani wingi wa mata yake ambao sokoni tunauita kilo zake, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, upana kati ya magurudumu, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, msukumo wa injini kwa kila kiwango cha mizunguko, uwiano wa gia, ugumu wa springi na shokapu, na namna tairi linavyoshika barabara. Kisha programu huchukua kanuni za mwendo za Newton na kuzikokotoa upya mara nyingi katika kila sekunde, mara 60 au zaidi, na kila mara hulisogeza gari hatua ndogo. Macho ya mchezaji huona mwendo mmoja usiokatika. Picha nzuri ya gari huja baadaye, kama rangi inavyopakwa juu ya ukuta uliokwisha kujengwa.

Kwa hiyo gari lolote lenye jedwali kamili linaweza kuingia, hata liwe la zamani au la polepole kiasi gani. Toleo la nne la Gran Turismo, la mwaka 2004, lilikuwa na magari zaidi ya 700, na miongoni mwao lilikuwamo lile gari la Daimler la mwaka 1886 linalofanana na mkokoteni wa farasi ulionyang'anywa farasi. Mtoto wa Buguruni aweza kulishinda kwa baiskeli. Limeingia kwa sababu vipimo vyake vimehifadhiwa, na kwa sababu kwao lipo la kutazamwa na kupimwa. Magari ya kwetu hayamo, na wengi hufikiri hayamo kwa kuwa hayana mwendo au hayana sifa. Mimi nadhani sababu ni ndogo zaidi na ya aibu zaidi: hakuna aliyeyapima na kuyaandika mahali ambapo mtunga mchezo aweza kupaona.

Huenda msomaji akasema kwamba gari lisilo na mwendo halistahili kupoteza karatasi. Hebu tukokotoe. Gari linalopinda kona ya duara huzuiwa lisitoke nje na msuguano kati ya tairi na barabara. Mwendo mkubwa kabisa linaoweza kuwa nao bila kuteleza hupatikana kwa kuzidisha kigezo cha msuguano, mchapuko wa graviti na nusu kipenyo cha kona, kisha kutafuta kipeuo cha pili cha jawabu. Chukua kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Katika lami kavu, kigezo kikiwa 0.8, jawabu ni karibu mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 71 kwa saa. Katika barabara ya vumbi, kigezo kikiwa 0.4, jawabu ni mita 14 kwa sekunde, sawa na kilomita 50 kwa saa. Mwalimu awaulize wanafunzi wake: nguvu ya injini imo wapi katika hesabu hiyo? Tungamo limo wapi? Havimo. Kwa makadirio haya ya kwanza Ferrari na gari la kubebea mahindi vina kikomo kimoja katika kona moja. Katika kusimama pia, kutoka kilomita 72 kwa saa, lami ile inahitaji mita 25 na nusu, na vumbi lile mita 51, uwe na farasi mia moja au mia sita.

Tofauti kati ya gari na gari huanza tunapoingiza yale tuliyoyaacha. Gari likifunga breki, uzito huhama kutoka magurudumu ya nyuma kwenda ya mbele, na kiasi kinachohama hupatikana kwa kuzidisha tungamo, mchapuko na kimo cha kitovu cha uzito, kisha kugawa kwa umbali kati ya ekseli. Lancia Stratos ilikuwa fupi, mita 2.18 kati ya ekseli zake. Peugeot 404, ile tuliyoizoea kwa jina la Pijo, ilikuwa na mita 2.65. Tukizipa zote mbili tungamo moja la kilo 1000, kimo kimoja cha nusu mita, na breki ile ile ya mita 5 kwa sekunde kwa sekunde, Stratos inahamisha nyutoni 1147 na Peugeot nyutoni 943. Gari fupi hugeuka upesi, na katika kona za lami hiyo ni sifa njema. Katika barabara yenye mawimbi na mashimo gari hilo hilo huruka mbele na nyuma, na dereva hutumia nguvu nyingi kulinyoosha tu. Aliyeisanifu Peugeot 404 aliilaza injini yake ya lita 1.6 kwa pembe ya nyuzi 45, jambo lililoshusha kitovu cha uzito. Namba kama hizo hazionekani katika picha ya gari, lakini mchezo uliotungwa vizuri huzihisi.

Na barabara halisi zilizihisi. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1960 hadi 1974 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Mshindi wa mwaka wa kwanza alikuwa Volkswagen, ule mgongo wa kobe tuliouzoea, ambao injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 25 hivi. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant, watu wa Kenya, walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika katika mashindano mengine, gari la umbo la kizamani ambalo kiwanda kiliacha kuliunda mwaka huo huo. Mwaka 1966 na tena 1967 alishinda Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, kwa Peugeot 404. Gari la aina hiyo lilishinda mara nne kwa jumla. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyomaliza yalikuwa saba vilevile. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Peugeot 404.

Sasa yaweke magari ya orodha ile karibu na historia hiyo. Stratos ilikuwa bingwa wa dunia miaka mitatu mfululizo, 1974 hadi 1976. Katika Safari ya mwaka 1975 ilipata nafasi ya pili na ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson, na haikushinda kamwe. Porsche 911 ilipata nafasi ya pili mwaka 1972, 1974 na 1978, nayo haikushinda Safari ya ubingwa wa dunia. Yale mazimwi ya Kundi B, Audi Quattro na Peugeot 205 ya injini ya katikati, yalikuja na nguvu zao na uvutaji wa magurudumu manne, yakashindwa mwaka 1984, 1985 na 1986 na Toyota Celica iliyovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Audi walipopata ushindi hatimaye, mwaka 1987, waliupata kwa Audi 200, gari refu la milango minne ambalo lingefaa kumpeleka meneja ofisini. Sisemi kwamba urefu wa ekseli ndiyo sababu pekee. Maandalizi, ndege za msaada, idadi ya mafundi na matope ya mwaka husika vyote vilihusika. Nasema tu kwamba barabara iliuliza swali jingine, na magari mengine ndiyo yaliyokuwa na jibu.

Hapa mmoja wa wale vijana alinipinga, na pingamizi lake lilikuwa na uzito. Alisema: "Mwalimu, mchezo ni starehe. Anayelipia zamu yake bandani hataki kuendesha Pijo ya babu yake iwe ya mwisho kila raundi."

Nilimwuliza kwa nini iwe ya mwisho. Akafungua kompyuta, tukalijaribu gari hilo katika barabara yao ya Lushoto, na kweli likawa la mwisho kwa mbali. Kisha nikamwomba agongeshe McLaren kwenye jiwe. Akaigongesha. Gari likaruka, likatua, likaendelea na safari kama jipya. Akapita mtoni, maji yakimfika mlangoni; injini ikaunguruma vile vile. Katika mchezo wao hapakuwa na kuchakaa. Tairi halikupasuka, rejeta haikutoboka, springi haikukatika, vumbi halikuziba kichujio cha hewa. Kati ya mambo yote ambayo Safari iliyapima walikuwa wameacha moja tu, mwendo, na baada ya hapo haikuwa ajabu kwamba magari ya mwendo ndiyo yaliyoshinda.

Jambo hili walimu wa sayansi wanalijua vizuri, ingawa huenda hawajalitafuta katika banda la mchezo. Kila kielelezo cha hesabu huacha kitu nje, kisipoacha, hakikokotoleki. Mwanafizikia huacha upepo anapofundisha kuanguka kwa jiwe, na hana kosa, mradi ajue kwamba ameuacha na asije akashangaa unyoya unapochelewa. Watunzi wa michezo mingi huacha uchakavu kwa sababu nzuri ya kibiashara, kwamba mchezaji huchoshwa na gari linaloharibika. Ila uamuzi huo umekwisha kuchagua washindi kabla ya mchezo kuanza. Barabara za Afrika Mashariki zimo katika michezo ya kigeni tangu zamani. Kenya ilikuwamo katika Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000, na Safari imo katika WRC 9 ya mwaka 2020, ikiwa mwaka mmoja kabla mashindano yenyewe hayajarudi katika ubingwa wa dunia. Barabara zetu zimekwisha kuchorwa. Magari yaliyozishinda hayana bahati kama hiyo.

Vijana walirudi baada ya majuma mawili wakiwa wameongeza sheria moja. Kila mtikisiko unaozidi kiwango fulani hupunguza uimara wa springi, na kupungua huko hutegemea umbali wa tumbo la gari kutoka ardhini na ugumu wa springi zenyewe. Sheria yenyewe ni ya kukadiria, na nimewaambia hivyo. Hata hivyo, katika majaribio kumi ya barabara ya Lushoto iliyolowa, McLaren ilifika mara moja.

Tatizo lililofuata ndilo linalonifanya niandike. Ili kuiingiza Peugeot 404 kwa haki walihitaji vipimo, na vitabu vya kiwanda huandika vichache tu: urefu, tungamo, ukubwa wa injini. Kimo cha kitovu cha uzito hakimo. Ugumu wa springi ambazo mafundi wetu walizikaza kwa ajili ya barabara zetu haumo katika kitabu chochote. Ilibidi litafutwe gari lenyewe. Buguruni ina mafundi wa kila namna, na Gerezani na Shauri Moyo si mbali, mahali ambapo mtu hupata kipuri cha gari lililosahauliwa hata na waliolitengeneza. Walipata milango ya 404. Walipata usukani. Gari zima walilokuwa wameambiwa liko uani kwa mzee mmoja walilikuta limeuzwa, na aliyelinunua ni mnunuzi wa chuma chakavu. Lilipimwa, naam, lakini kwa kilo za mizani, likakatwa kwa gesi.

Walipata jingine baadaye, nje ya jiji, bovu lakini zima, na mwenyewe akawaruhusu kulipima. Nieleze walivyofanya, kwa kuwa shule yoyote yaweza kufanya vivyo hivyo kwa gari lolote. Urefu kati ya ekseli ulipimwa kwa utepe wa fundi seremala. Mzingo wa tairi ulipatikana kwa kuweka alama ya chaki, kulisukuma gari mizunguko kumi na kugawa kwa kumi, ambayo ni njia bora kuliko kuukokotoa kutokana na kipenyo kwa sababu tairi lililobeba gari hubonyea. Ugumu wa springi ulipimwa kwa kuwapandisha watu wa uzito unaojulikana mmoja mmoja na kusoma gari linashuka milimita ngapi.

Kitovu cha uzito ndicho kilichowatoa jasho. Unalipima gari ekseli ya mbele likiwa sawasawa. Kisha unaiinua ekseli ya nyuma kwa jeki mpaka nusu mita, ukiwa umezifunga springi kwa magogo zisicheze na kuweka vizuizi imara chini ya gari, na unapima tena ekseli ya mbele. Uzito wa mbele utakuwa umeongezeka kidogo, na kutokana na nyongeza hiyo unapata kimo cha kitovu juu ya katikati ya gurudumu. Kidogo kiasi gani? Kwa gari la kilo 1100 lenye mita 2.65 kati ya ekseli, ambalo kitovu chake kiko robo mita juu ya katikati ya gurudumu, nyongeza ni kilo 20 hivi. Mizani ya malori haitafaa, maana kilo 20 kwake ni kosa la kawaida. Mizani iliyofaa ilikuwa ile ya jukwaa, miwili, mmoja chini ya kila gurudumu la mbele. Vijana waliiazima kwa mnunuzi wa chuma chakavu wa Buguruni.

Maoni yangu basi ni haya. Orodha ya magari adimu ya mchezo wowote utakaotungwa nchini ianze na magari ambayo barabara zetu ziliyauliza swali likajibiwa: Volkswagen ya mwaka 1953, Volvo ya akina Singh, Peugeot 404 ya Shankland, Datsun 240Z iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, Celica ya miaka ya 1984 hadi 1986. Yafuate yale yaliyoundwa na wahandisi wetu wa Afrika Mashariki, Nyumbu, Nyayo Pioneer na Kiira EV, hata kama yatakuwa ya mwisho, kwa sababu ndani ya jedwali la namba mwanafunzi ataweza kubadili namba moja na kuona kilichokosekana. Stratos nayo ibaki, kwani bila mshindani mwenye sifa ushindi wa Peugeot hauna ladha. Ferrari ningeiacha. Wenye nazo wanaitunza vya kutosha.

Na kabla ya hayo yote vyuo vya ufundi na shule zenye somo la fizikia zianze kupima. Mwalimu asingoje gari la kihistoria. Alianzie lile la mkuu wa shule likiwa limeegeshwa. Tarehe, jina la gari, mwaka wake, hali ya tairi, na namba ziandikwe katika daftari moja lisilotolewa shuleni.

Vijana walizikubali nafasi kumi na moja za orodha yangu baada ya mabishano ya alasiri nzima. Ya kumi na mbili waliijaza wenyewe kwa bajaji. Nilidhani ni mzaha, mpaka walipoanza kunionyesha hesabu. Gari la magurudumu manne hupinduka kabla ya kuteleza iwapo nusu ya upana kati ya magurudumu, ikigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito, ni ndogo kuliko kigezo cha msuguano. Bajaji ina gurudumu moja mbele, kwa hiyo nusu hiyo yenyewe hupungua kadiri abiria anavyokaa mbele zaidi, na kimo huongezeka kadiri abiria wanavyozidi. Katika lami hupinduka, katika vumbi huteleza, na dereva hodari hutafuta njia katikati. Tatizo likawa kuipata namba ya kimo chake. Walikwenda kituo cha bajaji pale Buguruni Sheli wakamweleza dereva mmoja shida yao, naye akakubali bajaji yake iinuliwe kwa jeki, kwa sharti kwamba walipe muda wa kusubiri kama abiria wengine.